Mmea Huu ni wa Kundi Gani? Hatua za Kuutambua, Kuanzia Mwani hadi Mgunga

Weka mezani tawi la mvinje wa ufukweni na tawi la msindano kutoka Mufindi. Yote mawili yana "sindano" za kijani, yote mawili yana vitu vigumu vinavyofanana na koni, na mtu asiyeonywa atasema hii ni miti ya ukoo mmoja. Sivyo. Mvinje hutoa maua, na kwa nasaba uko karibu zaidi na mharage kuliko na msindano.

Kosa hili hutokana na kuanza na umbo. Upepo, chumvi na jua kali huweza kuivisha mimea isiyo na udugu vazi moja. Wanasayansi wanatafuta nasaba, na nasaba hudumu zaidi katika namna mmea unavyozaa: kama una spora (chembe ndogo mno za uzazi zinazofanana na vumbi) au mbegu, na mbegu hiyo iko wazi au imefungwa ndani ya tunda. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanza na uzazi, majani yanafuata baadaye. Zifuate kwa mpangilio. Anayerukia hatua ya tano kwa sababu ameona jani analolijua ndiye anayeandika "msindano" chini ya picha ya mvinje.

Vifaa na sampuli

Unahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, wembe mpya, sindano ya kushonea, rula, karatasi nyeupe na penseli. Kalamu ya wino iache. Daftari likilowa maandishi yote huyeyuka. Simu inafaa, lakini usipige ua peke yake. Piga pia mgongo wa jani, mahali jani linaposhikana na tawi, gome, na mmea mzima.

Chukua tawi la takriban sentimita 30 lenye majani, maua na matunda kama yapo. Jani moja halitoshi, kwa sababu huwezi kujua kama ni jani zima au ni kipande tu cha jani ambatani, yaani jani moja lililogawanyika vipande vingi. Dawa yake ni kutafuta tumba kwapani: pale jani la kweli linaposhikana na tawi huwa pana tumba dogo. Kipande cha jani ambatani hakina tumba. Ukifuata mhimili wa "majani" ya mkwaju au mwarobaini utaliona tumba chini kabisa, na hapo utajua kwamba hayo yote ni jani moja.

Ukikata mmea ukatoka utomvu mweupe, usiuguse na usijifute usoni. Utomvu wa mnyaa hujeruhi macho vibaya.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mmea

Uyoga si mmea. Ni kuvu, na kwa nasaba kuvu wako karibu na wanyama kuliko mimea. Ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milimani nazo si mmea, ni kuvumwani. Kiswahili hapa kimetangulia kutoa jibu, maana jina lenyewe linataja washirika wawili: kuvu, na mwani anayeishi ndani yake akimtengenezea chakula.

Mwani unahitaji uangalifu zaidi. Unaolimwa Unguja na Pemba kwa ajili ya kuuzwa nje, yaani Eucheuma na Kappaphycus, ni mwani mwekundu, hata pale unapoonekana wa kijani au kahawia. Hauna mizizi ya kweli, hauna mishipa ya kusafirisha maji, hauna ua. Lakini kwenye maji hayo hayo kuna nyasi bahari, kama Thalassodendron na Enhalus, na hizo ni mimea kamili inayotoa maua chini ya maji. Ng'oa moja uitazame: ina shina linalotambaa ndani ya mchanga, mizizi inayotoka kwenye vifundo, na majani yenye mishipa. Mwani utaukuta umeshika jiwe au kamba, haukuzama mchangani kutafuta chakula. Kuna mwani wachache wanaotuma nyuzi mchangani, hivyo kigezo cha uhakika ni mishipa ya jani. Inua jani kwenye mwanga uitafute.

Hatua ya 2: Je, una mishipa ya kusafirisha maji?

Zulia la kijani kwenye ukuta wa kisima au gome lenye unyevu mara nyingi ni vigoga. Vimea hivi havina mishipa ya kweli wala mizizi ya kweli, ndiyo maana vingi havizidi sentimita chache kwa urefu. Maji hayawezi kupandishwa juu zaidi. Weka jani lake dogo chini ya lenzi na utaona mwanga unapita, kwa sababu kwa kawaida lina unene wa seli moja tu. Tafuta kijiti chembamba chenye kikapu kidogo nchani. Ndani ya kikapu hicho mna spora.

Kundi hili la wasio na mishipa lina matawi matatu. Vigoga vyenyewe ni takriban spishi 12,000. Tawi la pili ni hepatiki, ambazo nyingine ni bapa kama kipande cha ngozi kilicholala chini. Marchantia huota kwenye vitalu vya miche vinavyomwagiliwa kupita kiasi na ina vikombe vidogo mgongoni. La tatu ni antoserota, zinazotoa pembe nyembamba badala ya vikapu. Ukishajua ni mojawapo, peleka kwa mwenye hadubini. Kwa macho hutaenda mbali.

Hatua ya 3: Spora au mbegu?

Hapa ndipo kangaga zinapojulikana. Geuza jani utazame mgongo wake. Madoa ya kahawia yaliyopangwa kwa mistari au jozi ni vifuko vya spora. Wakulima wa maua wengi huyaona wakadhani ni kutu au wadudu wa magamba, wakapiga dawa. Tofauti ni hii: madoa ya spora hujirudia kwa mpangilio ule ule kwenye kila kipande cha jani, ilhali wadudu hukaa ovyo, wengine kwenye shina, na ukimchokoa mmoja kwa sindano huacha unyevu. Ukiwa bado una shaka, laza jani juu ya karatasi nyeupe, mgongo chini, ulifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi la kahawia limechora umbo la jani.

Mambo mawili huwapoteza watu. Kwanza, si kila jani la kangaga huwa na spora; tafuta jani kuukuu zaidi kwenye mmea huo huo. Pili, kwa spishi nyingine, kama Pteridium inayojaza mashamba yaliyochomwa moto milimani, vifuko hufichwa chini ya ukingo wa jani uliokunjwa, hivyo mgongo huonekana mtupu. Kama huna spora kabisa, angalia jani changa: la kangaga hufunguka likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga.

Kundi hili ni kubwa kwa sura. Lina kangaga miti wa Usambara na Uluguru wanaozidi urefu wa mtu, na lina Azolla, kimea kinachoelea kwenye majaruba ya mpunga, kidogo kuliko ukucha. Equisetum nayo imo humu: mashina ya kijani yenye viungo na mbavu, yanayokwaruza kidole kwa sababu ya silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Lakini ile "kangaga" laini ambayo wauza maua huifunga pamoja na waridi mara nyingi ni Asparagus setaceus. Hutoa maua meupe madogo na matunda, kwa hiyo si kangaga hata chembe.

Karibu na kangaga kuna likofita, takriban spishi 1,300, ambazo ni tawi la peke yake. Majani yake ni madogo kama magamba na kila moja lina mshipa mmoja tu usiogawanyika. Selaginella ya misitu yenye kivuli ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

Mimea yote ya hatua ya 2 na ya 3 inahitaji maji ili seli ya kiume iogelee hadi kwenye yai. Ukikuta "kangaga" inastawi na kuzaana mahali pakavu kabisa mwaka mzima, rudi uikague upya.

Hatua ya 4: Mbegu iko wazi au ndani ya tunda?

Mimea ya mbegu uchi imebaki takriban spishi 1,000 tu duniani. Mbegu zake hazifungwi ndani ya ovari, kifuko cha ua kinachokuja kuwa tunda. Mara nyingi hukaa juu ya gamba la koni. Chukua koni ya msindano iliyokauka, pinda gamba moja nje, na utaona mbegu mbili zimelala juu yake bila kifuniko.

Sasa turudi kwa mvinje. Shika "sindano" yake kwa ncha zote mbili uivute taratibu. Itaachana kwenye kiungo, kama muwa mdogo mno. Weka kiungo hicho chini ya lenzi: utaona duara la meno madogo, kwa kawaida 6 hadi 8. Meno hayo ndiyo majani, na "sindano" ni kijitawi. Sindano ya msindano haina viungo; zimefungwa pamoja kwenye ala moja, na kwa Pinus patula unaopandwa sana Tanzania na Kenya huwa tatu tatu. Kile kinachofanana na koni ya mvinje ni mkusanyiko wa matunda: kila mdomo mdogo unaofunguka hutoa tunda lenye bawa, na mbegu imo ndani ya tunda hilo.

Jina la kisayansi la mvinje, Casuarina equisetifolia, linamaanisha wenye majani kama ya Equisetum. Kwa hiyo sura hiyo moja inapatikana katika makundi matatu tofauti: Equisetum ya spora, msindano wa mbegu uchi, na mvinje wa maua. Aliyeweza kuitenganisha mitatu hii kwa lenzi na vidole hana sababu ya kuogopa sehemu iliyobaki.

Mitego mingine ya hatua hii:

Mwangati, Juniperus procera, una vitu vya buluu vinavyofanana na matunda. Ni koni ambazo magamba yake yamenenepa na kuungana. Kata katikati uone mipaka ya magamba. Mpodo nao huonekana una tunda, kumbe ni mbegu iliyovikwa nyama. Tunda la kweli mara nyingi huacha kovu la stigma (ncha ya ua inayopokea chavua) nchani na mabaki ya sepali (vijani vya nje ya ua) kitakoni. Kwa mpodo hutayaona.

Encephalartos hildebrandtii wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania hudhaniwa kuwa mtende. Vipande vya majani yake ni vigumu, vyenye miiba, na katikati ya taji hutokea koni kubwa. Mmea dume na mmea jike ni tofauti.

Fumbwa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Mboga hii ya Kongo, Gnetum africanum, ina majani mapana yenye mishipa ya wavu sawasawa na majani ya mkahawa, na kila anayeitazama huiweka kwenye mimea ya maua. Ni mbegu uchi. Ndiyo sababu jani haliaminiki peke yake.

Hatua ya 5: Monokoti, dikoti, na wasio huku wala kule

Mimea ya maua ni takriban spishi 300,000, yaani karibu kila unacholima na kula. Shuleni hufundishwa kuigawa mafungu mawili: monokoti, na dikoti zenye majani mawili ya mbegu. Kanuni ni nzuri mradi ujue inapokatikia.

Monokoti: kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kina jani moja la mbegu, sehemu za ua ziko kwa tatu tatu, mishipa ya jani huenda sambamba, mizizi ni ya nyuzi. Mahindi, mpunga, mnazi, mgomba, kitunguu, tangawizi, okidi. Kata muwa kwa wembe na utaona vidoto vya mishipa vimetawanyika kote. Shina changa la dikoti huwa na mishipa iliyojipanga kwa duara.

Kama una mbegu, ziloweke saa 12 kisha uziache ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa siku 3 hadi 5. Mharage utafunguka vipande viwili. Punje ya hindi haitafunguka.

Kigezo cha mishipa ya jani ndicho kinachovunjika mapema. Kiazi kikuu ni monokoti lakini jani lake lina wavu. Gimbi pia hudanganya. Kwa hiyo usitegemee kigezo kimoja, tafuta angalau vitatu vinavyokubaliana.

Kisha kuna kundi ambalo vitabu vingi vya zamani vililisahau. Ua la mstafeli lina petali kwa tatu tatu kama monokoti, lakini mbegu yake ina majani mawili. Tangu kikundi cha wataalamu wa nasaba za mimea ya maua, APG, kilipotoa mpangilio wake wa kwanza mwaka 1998 kwa kutumia DNA, mimea kama hii imetengwa na dikoti za kweli. Mpangilio wao wa nne, wa mwaka 2016, una oda 64 (makundi ya familia) na familia 416. Mstafeli, mparachichi, mdalasini, kungumanga na pilipili manga wako kwenye kundi linaloitwa magnolidi. Yungiyungi wa mabwawani ni tawi la zamani zaidi hata ya hapo. Dikoti za kweli hutambulika kwa chembe za chavua zenye matundu matatu, jambo linalohitaji hadubini, lakini ukishakariri familia chache za magnolidi hutaihitaji.

Zoezi zuri liko jikoni. Toa viungo vya pilau uvipange: iliki na tangawizi upande wa monokoti, mdalasini na pilipili manga upande wa magnolidi, karafuu na bizari nyembamba upande wa dikoti za kweli. Pilipili kichaa iende kwenye dikoti pia, pamoja na nyanya na bilinganya. Ina jina moja na pilipili manga na ukali, hakuna kingine.

Hatua ya 6: Shuka hadi kwenye familia

Ukifika hapa tumia ufunguo wa utambuzi, ule unaokupa sentensi mbili kwa kila namba na kukutaka uchague moja. Soma sentensi zote mbili kabla ya kuchagua. Usipoweza kuamua, fuata njia zote mbili na uandike namba ulipogawanyika. Moja itakufikisha kwenye maelezo yasiyolingana na mmea ulio nao.

Familia chache hujulikana haraka. Shina la pembe nne, majani yanayoelekeana na harufu ukiyasugua: Lamiaceae, kama kivumbasi na rihani. Inua jani kwenye jua ukaona vidoto vya mwanga vya tezi za mafuta, na lina harufu: fikiria Myrtaceae, kama mkarafuu, mpera na mkaratusi, ingawa michungwa ya Rutaceae ina vidoto pia. "Ua" la alizeti ni mkusanyiko wa maua mengi kwenye kitako kimoja: Asteraceae. Viringisha shina la kinachodhaniwa kuwa nyasi kati ya vidole; likikataa kuviringika kwa sababu lina pembe tatu, ni ndago au jamaa yake, Cyperaceae. Mti mnene wenye miiba bila majani: ndugu za mnyaa wana utomvu mweupe, mpungate hauna, na miiba yake hutoka kwenye vitufe vya manyoya kwa sababu ni kaktasi kutoka bara la Amerika.

Malvaceae inastahili neno la ziada. Mbuyu, bamia na mlenda wa Corchorus zamani viliwekwa kwenye familia tatu. DNA ikawarudisha nyumba moja, na mpishi asingeshangaa: majani ya mbuyu, bamia na mlenda vyote vina ute. Lakini ute si hati ya udugu. Kuna mboga nyingine huitwa mlenda nayo ni ya jamaa ya ufuta, Pedaliaceae. Ua lake ni la mrija kama kengele, si petali tano zilizoachana kama za Corchorus.

Hatua ya 7: Andika jina, na ujue kwa nini limebadilika

Ngazi ni himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. (Ngeli hii si ile ya sarufi, mti na mgomba viko pamoja katika M-MI lakini kibotania wametengana mbali.) Jina la oda huishia na -ales, la familia na -aceae. Jina la spishi lina maneno mawili, na majina ya mimea mingi huhesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, ya mwaka 1753.

Ukitumia kitabu cha zamani utakuta mgunga ukiitwa Acacia. Mkutano wa kimataifa wa botania wa Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukalithibitisha. Hivyo miwati ya Njombe iliyotoka Australia imebaki Acacia mearnsii, na migunga yetu imegawanywa. Tazama miiba: iliyonyooka jozi jozi chini ya jani ni Vachellia, ambayo maua yake mara nyingi ni vitufe; iliyopinda kama kucha ni Senegalia, maua yake mara nyingi ni mikia mirefu. Vachellia tortilis huchanganya watu kwa kuwa na miiba ya aina zote mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda. Mirefu hiyo ndiyo inayoamua.

Hatua ya 8: Kausha sampuli

Utambuzi usio na sampuli hauwezi kukaguliwa na mwingine. Ndani ya hifadhi ya misitu omba kibali kwanza.

Tandaza tawi ndani ya gazeti, kipimo kisizidi sentimita 42 kwa 28, na ugeuze jani moja ili mgongo uonekane. Bana kati ya mbao mbili kwa kamba. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza; pwani, ukichelewa siku mbili, ukungu utakuwa umeshatanda. Joto la nyuzi 40 hadi 50 linatosha. Zaidi ya hapo majani hubadilika rangi na kukatika. Kama kipande kitatumika kwa DNA, kikate kabla ya kukausha na ukiweke kwenye jeli ya silika yenye uzito mara 10 wa jani. Maabara nyingi husoma jeni mbili kwanza, rbcL na matK. Sampuli kavu ziweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa wiki moja kuua wadudu.

Kwenye lebo andika mahali, mwinuko, tarehe, mazingira, urefu wa mmea, jina la kienyeji na lugha yake, namba ya mkusanyaji. Andika hasa vile vitakavyopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, na rangi ya utomvu. Kisha tengeneza nakala ya pili kutoka mmea ule ule, namba ile ile, ili moja uipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), kwa mfano ile ya Afrika Mashariki iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na sasa iko Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, nawe ubaki na ya kulinganishia.